Puti ya epoksi kwa nakshi za vifaa vya maleba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Niliwahi kuombwa siwa, lile baragumu kubwa la sherehe. Si ya kupigwa, ya kuonekana tu: igizo la shule lilikuwa na harusi ya zamani ya Lamu, na harusi ya waungwana wa Lamu bila siwa haikamiliki. Ziko mbili zinazojulikana sana, ya shaba ya Lamu na ya pembe za ndovu ya Pate, zote kwenye Makumbusho ya Lamu, na hakuna atakayekuazima. Basi nikachukua bomba la PVC, soli za kandambili na puti ya epoksi, nikatengeneza yangu. Tangu siku ile watu hawaachi kuniuliza, "Hizi nakshi umezichonga?" Sikuchonga, nilifinyanga. Maswali yaliyofuata nimeyakusanya hapa, na mifano mingi nitaitoa kwenye siwa hiyohiyo, maana karibu kila kosa nililifanya pale.

Puti ya epoksi ni kitu gani hasa?

Ni udongo wa sehemu mbili. Moja ina resini, nyingine ina hadena, yaani kigumishi chake. Kila moja peke yake hukaa laini miezi mingi. Ukizikanda pamoja zinaanza kushikana kikemia, na baada ya saa kadhaa unabaki na kitu kigumu kinachokubali msasa, tupa, drili na rangi. Haihitaji tanuri wala jua. Tena haikauki kwa kupoteza maji kama udongo wa mfinyanzi, kwa hiyo hainywei ikapasuka njiani. Tunasema "imekauka" kwa mazoea tu. Kwa kweli imekomaa, hata ndani ya ndoo ya maji ingekomaa.

Ni ukoo mmoja na gundi ya Araldite iliyoanza kuuzwa mwaka 1946, ila hii imeongezwa unga wa madini mpaka ikashikika kama kinyunga cha chapati.

Ninunue ipi?

Inategemea haraka yako na udogo wa nakshi zako. Apoxie Sculpt ya Marekani huja kwenye makopo mawili, hukupa kati ya saa 1 na 3 za kufinyanga na hukomaa kabisa baada ya saa 24. Ni laini, inatii kidole, na kama ni mara yako ya kwanza ningekupa hii. Milliput inatengenezwa Wales tangu 1968 na huja kama vijiti viwili. Ile ya kawaida ina chembechembe kidogo, nyeupe ni laini zaidi. Halafu kuna ile ya buluu na njano ambayo ukiikanda inageuka kijani, wanayoipenda wachongaji wa vinyago vidogo vya michezo ya mezani. Hiyo hubaki na unyumbufu hata ikikomaa. Kwa vitu vyembamba kama kamba na manyoya ni nzuri, ila kwenye msasa inakera: inachanika badala ya kusagika.

Kwetu hizo kwa kawaida ni za kuagiza. Dukani kwa vifaa vya ujenzi ulizia M-Seal ya India, au ile fimbo ya mafundi bomba ambayo hadena na resini vimeviringishwa pamoja, kimoja ndani ya kingine, ukikata kipande unapata vyote viwili kwa kipimo chake. Fimbo hiyo mara nyingi haikupi zaidi ya dakika 5. Usifanyie nakshi. Lakini usikose kuwa nayo kwenye mkoba, sababu utaiona mwishoni.

Nimezunguka maduka yote sijapata. Naweza kujitengenezea?

Unaweza, na kwa siwa nusu ya kazi nilifanya hivyo. Nunua gundi ya epoksi ya tyubu mbili, ile ya polepole na si ya dakika 5. Changanya kwanza gundi yenyewe sawa kwa sawa mpaka iwe rangi moja. Ndipo uongeze poda ya talki kidogo kidogo, ukikanda, mpaka iache kunata kwenye kijiti. Ukianza na poda kabla gundi haijachanganyika, utakuwa na madonge yasiyokomaa katikati. Vaa barakoa, poda inapaa.

Puti inayotoka si laini kama ya kiwandani na inalegea kidogo kwenye kuta zilizosimama. Kwa mistari, vifungo na kujaza mianya inatosha kabisa. Kwa kufinyanga sura ya mtu, hapana.

Fila ya magari si ndiyo hiyohiyo?

Hapana, na hapa ndipo watu wengi wanapoharibu.

Fila ya bodi ni poliesta. Hadena yake ni kichocheo: unaweka kidogo sana, asilimia 1 hadi 3 hivi, na ukizidisha inawahi kuganda. Fundi bodi yeyote atakwambia hivyo, na kwa kitu chake yuko sahihi. Kwenye epoksi hadena si kichocheo, ni mwenza. Kila chembe ya resini inatafuta chembe ya hadena ya kushikana nayo. Ukizidisha hadena, iliyobaki inakosa wa kushikana naye, inakaa humo ndani bila kazi na kuifanya puti yote iwe laini.

Nilimwachia jirani yangu, fundi bodi hodari, anikandie donge wakati nikishika simu. Kwa huruma yake akaongeza hadena "ili iwahi". Wiki mbili baadaye bendi ile ya nakshi ilikuwa bado kama chingamu. Nikaikwangua yote.

Tofauti ya pili ni kwamba fila ya poliesta ina staireni, na staireni inayeyusha lile povu jeupe la kufungia televisheni na friji. Ukipaka fila juu ya kichwa cha povu hilo, kinaliwa mbele ya macho yako. Epoksi haili povu. Kwa upande mwingine fila ni rahisi, inakomaa kwa dakika, na inapigika msasa haraka. Kusawazisha ubapa mkubwa wa mbao kabla ya nakshi, tumia fila, usione aibu.

Nichanganye vipi?

Sawa kwa sawa kwa ujazo, isipokuwa paketi iseme vingine. Tengeneza vidonge viwili vinavyolingana kwa macho, vibonyeze viwe kama sarafu, vipange kimoja juu ya kingine, kisha kanda, kunja, vuta, kunja tena. Dakika 3 angalau, hata kama mkono unachoka. Kama sehemu mbili zina rangi tofauti, endelea mpaka usione mshipa hata mmoja. Kama zote ni nyeupe, tegemea saa na si macho.

Toa kila sehemu kwa mkono au kijiko tofauti. Hadena kidogo ikiingia kwenye kopo la resini, kopo linaanza kuota jiwe ndani, na la kufanya hakuna.

Changanya kidogo. Kiasi cha ndimu moja ni kingi kwa saa ya kazi ya nakshi. Tena donge kubwa hujipasha moto lenyewe na kuwahi kuganda. Ukiwa umechanganya nyingi, libonyeze liwe bapa kama chapati badala ya kuliacha mviringo.

Inanata mikononi kama ulimbo. Nimekosea wapi?

Umeharakisha tu. Puti iliyokandwa sasa hivi inanata kila mahali isipokuwa unapoitaka. Iweke kando dakika 15 hadi 30, kunywa chai. Ikirudi mkononi imetulia, inashika alama, na haivuti nyuzi.

Mimi hugawa muda wake mara nne. Kwanza inanata: huo ndio wakati wa kubandika tabaka jembamba la msingi juu ya kifaa, maana sasa inashika sana. Pili inatulia: kufinyanga, kuviringisha kamba, kupiga mihuri. Tatu imekuwa kama raba ngumu: wembe unakata kingo safi, na hapa unaondoa ziada bila kuharibu. Nne imekuwa jiwe: msasa na tupa. Ule wa tatu watu wanaupuuza, na ndio unaotofautisha kazi ya fundi na ya mtoto. Kingo za herufi kwenye siwa yangu zote zilikatwa pale, kwa wembe mpya, saa 2 baada ya kukanda.

Maandishi ya paketi yanasema saa 2, mbona kwangu ni saa moja?

Paketi imeandikwa kwa nyuzi 20 na kitu. Wewe uko Dar au Mombasa, mwezi wa pili, nyuzi 32 kibarazani. Kwa makadirio ya mkononi, kila nyuzi 10 zikiongezeka muda unakatika karibu nusu. Fanya kazi alfajiri au usiku, na weka makopo kwenye beseni la maji ya baridi kabla ya kukanda, yakiwa yamefungwa vizuri.

Walio Iringa, Njombe au Limuru mwezi wa saba wana shida ya kinyume: puti imelala tu. Baada ya kufinyanga, weka kifaa karibu na taa ya kawaida yenye joto au ndani ya boksi lenye chupa ya maji ya moto. Usiichome kwa moto wa jiko, itatoa mapovu.

Nilainishe kwa maji, mafuta au spiriti?

Maji kwa kidole, spiriti kwa brashi. Mafuta, usithubutu. Yanalainisha vizuri kweli, halafu rangi inakataa kushika na hujui kwa nini.

Hata maji yana kiasi. Kidole kiwe na unyevu, kisidondoshe. Ukizidisha, juu panafanyika ute mweupe ambao ukikauka unakuwa unga, na tabaka linalofuata halishiki hapo. Brashi laini iliyochovywa kwenye spiriti na kufutwa inaondoa alama za vidole kuliko kitu chochote ninachokijua.

Nakshi zenyewe hufanywaje?

Hapa ndipo penye raha.

Anza kwa kuchora juu ya kifaa kwa kalamu ya risasi. Mchoro wenye kurudiarudia, kama mnyororo wa milango ya Zanzibar, upime kwanza kwa uzi: zungusha uzi kwenye bomba, ugawe sehemu 8 au 12 zinazolingana, weka alama. Usipopima, mnyororo hautakutana nyuma, na mtu wa safu ya mbele atauona huohuo mshono.

Kamba: viringisha nyuzi mbili za puti juu ya kioo au kigae chenye unyevu, kwa kipande cha ubao badala ya vidole, ziwe na unene mmoja. Zisokote pamoja, zibandike, zibonyeze kidogo kila baada ya sentimita mbili kwa kijiti chenye unyevu. Kwenye siwa niliweka kamba mbili, moja kila upande wa bendi ya maandishi, na hizo kamba ndizo zilizoficha mshono wa bomba na soli. Nakshi nzuri huwa na kazi ya pili ya kuficha.

Misumari ya shaba: usifinyange mmoja mmoja kwa macho. Tandaza puti iwe na unene wa milimita 3, kata viduara kwa mrija wa soda, kila kipande kiviringishe kiwe gololi, kisha kibonyeze mahali pake kwa kidole chenye maji. Vyote vitalingana kwa sababu vilianza na kiasi kimoja.

Mihuri: kitufe cha koti, hereni ya zamani, pete, hata kokwa ya kunazi. Pakaa Vaseline nyembamba sana, bonyeza puti iliyotulia, iache ikomae, toa. Sasa una muhuri hasi wa kudumu, ukiupaka Vaseline unaweza kupiga nakala mia. Kabla ya rangi osha kila nakala kwa sabuni, ile Vaseline isibaki. Nilifanya waridi moja kwa mkono, ikanichukua jioni nzima, kisha nikaipigia muhuri na zilizobaki 23 zikatoka kwa saa moja.

Umbile la juu: ukili uliosukwa ukiubonyeza kwenye puti unaacha alama nzuri mno kwa ngao na mipini. Lesi inafaa kwa mataji. Ganda la chungwa linatoa ngozi ya mzee au ya joka. Kwa nyuzi za mbao, kokota mswaki mkavu wakati puti imeanza kukaza.

Herufi: za Kiarabu ni ngumu kuliko zinavyoonekana, na nukta moja ikihama neno limebadilika. Andika kwenye karatasi, mpe anayejua asome, ndipo uhamishe kwa kutoboa karatasi kwa sindano juu ya puti laini. Mimi nilijitia ujuaji. Maalim mmoja alikuja kwenye mazoezi, akaisoma siwa yangu, akatabasamu, na nikakaa hadi usiku kurekebisha.

Inashika kwenye nini na inakataa nini?

Inashika kwenye mbao, chuma, kioo, gamba la karatasi na gundi, kibuyu kikavu, PVC. Kila uso laini ukwaruze kwa msasa namba 80 au 120, futa vumbi, pangusa kwa spiriti. Kwenye bomba la PVC niliongeza vitundu vidogo vya drili ili puti ishikilie kama jino kwenye ufizi.

Inakataa madumu, ndoo, chupa za shampuu na vifuniko vya soda: plastiki za jamii ya polithini na polipropilini. Utaibandika, itakomaa, na utaibandua kama ganda. Huo ubaya ni faida pia, kwa sababu mfuko wa nailoni ni mahali pazuri pa kufinyangia.

Na povu la kandambili? Linapinda, puti haipindi.

Ndiyo, itapasuka. Povu la EVA, liwe la kandambili au la ile mikeka ya watoto ya kuunganisha, ni jepesi na linakatika vizuri, ila lazima ulitulize kabla ya nakshi. Lipitishie hewa ya moto juujuu vitundu vifunge, kisha lipake gundi nyeupe ya mbao mara 3, kila mara ukingoja likauke. Sehemu inayobaki kupinda, kama kiungo cha kiwiko au ukanda wa kiunoni, usiweke puti kabisa. Kata nakshi kwa povu lenyewe, au tumia vipande vifupi vyenye nafasi katikati, kama magamba ya samaki, kila kipande kiende na povu lake.

Mdomo wa siwa yangu ulikuwa wa soli, umepanuka kama tarumbeta. Nikaujazia nakshi zilizoungana pande zote. Vijana wakauegemeza kwenye kiti cha basi, ukabinyika, na tukafika na mdomo wenye mipasuko 3. Siku hizi ndani ya povu natia waya wa kufungia nondo kwanza.

Kwa nini nisijenge kitu kizima kwa puti?

Piga hesabu. Ngao ndogo ya sentimita 30 kwa 20 ina eneo la sentimita za mraba 600. Ipake tabaka la milimita 2 tu, umetumia sentimita za ujazo 120. Puti nyingi zina uzito unaokaribia mara mbili ya maji, kwa hiyo umeongeza zaidi ya gramu 200, na bado hujaweka waridi hata moja. Upanga mzima wa puti ni nyundo. Kofia ya puti ni adhabu. Mwigizaji ataivua kabla ya sehemu ya pili.

Mwili wa kifaa ujengwe kwa kitu chepesi: povu, boksi, karatasi ya alumini iliyofinywa, bomba. Puti iguse tu pale jicho litakapokaa. Jukwaani mtu wa safu ya 10 haoni waridi lako, anaona kivuli chake. Chimba sana, tandaza kidogo. Kwa kamera ni tofauti, huko kila alama ya kidole inaonekana.

Imekaa siku 2, bado laini.

Yote, au madoa madoa? Madoa ni ukandaji mbaya. Yote ni kipimo kibaya, au hadena ya zamani. Kama mahali ni baridi, ipe joto na siku nyingine moja. Isipokaza, haitakaza. Usipake hadena juu, usipake rangi ukitumaini itaficha. Kwangua mpaka kwenye uso mgumu, safisha kwa spiriti, anza upya.

Imekuwa ngumu lakini juu ina utelezi kama mafuta.

Hewa yenye unyevunyevu. Hadena iliyo juu inakutana na unyevu na hewa ya kaboni, inafanya utando wa nta. Pwani msimu wa masika hutokea mno. Osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, sugua kwa brashi, kausha, ndipo msasa. Ukianza na msasa kabla ya kuosha unausambaza tu.

Naweza kuongeza tabaka juu ya lililokomaa?

Bila shaka. Ndani ya saa chache za kwanza linashikana lenyewe. Baada ya hapo likwaruze.

Ni salama kwa mikono mitupu? Mafundi wote wanakanda hivyo.

Wanakanda, na wengi hawapati kitu kwa miaka, mpaka siku wanapopata. Resini na hadena mbichi zinaweza kuuamsha mwili ukazikataa. Ukishaamka haurudi nyuma: kila ukigusa, hata kidogo, ngozi inawasha, inavimba, inapasuka. Namjua mchongaji aliyelazimika kuacha kabisa kitu alichokipenda, na ilianza na vipele viwili katikati ya vidole.

Vaa glavu za nitrili, zile za buluu. Za lateksi hazizuii epoksi vizuri. Zikinata, zipake maji kidogo. Ukigusa kwa bahati mbaya, osha kwa sabuni na maji mara moja. Usisafishe ngozi kwa thina, kwa sababu inaipeleka epoksi ndani zaidi.

Vumbi la msasa ni sura nyingine. Lowesha msasa na kifaa, piga msasa ukiwa na maji, na bado vaa barakoa ya N95. Kitambaa hakizuii vumbi jembamba namna hii. Wala usipige msasa kitu ambacho bado ni laini.

Pia usitumie kwenye kitu kitakachogusa midomo au chakula. Siwa hupulizwa ubavuni, na mwigizaji wangu alitaka kuweka mdomo kweli. Sehemu ile niliacha PVC tupu, isiyo na puti wala rangi, na akaigiza mpulizo tu huku sauti ikitoka kwenye spika.

Wanafunzi wa darasa la tano?

Wape wanga wa mahindi (kornflawa) uliopikwa na gundi nyeupe. Puti wasubiri.

Rangi gani inashika?

Osha, kausha, piga praima nyembamba mara 2, kisha rangi ya akriliki au ya kopo la kupuliza. Praima nyeusi au kahawia nyeusi kwa kila kitakachoigiza chuma. Shaba ya siwa ilikuwa hivi: kahawia nyeusi kila mahali mpaka kwenye mashimo, kisha dhahabu iliyokolea kwa brashi karibu kavu, ikigusa tu vilele vya nakshi, kisha dhahabu ya mwanga kwenye kingo ambazo mikono ya karne nyingi ingezisugua. Mwisho tone la kijani lililozimuliwa sana kwenye pembe, kama kutu ya shaba, nalifuta nusu yake kwa kitambaa.

Dhahabu tupu ya kopo, kila mahali sawasawa, ndiyo inayofanya kazi ya wiki 3 ionekane kama kombe la mpira la mtaani. Yaani nakshi zote zinapotea. Ni heri rangi rahisi yenye giza kwenye mabonde.

Puti isiyopakwa rangi huwa njano juani baada ya muda, hasa nyeupe. Usiiache wazi ukidhani itabaki pembe ya ndovu.

Inavumilia jua?

Kwenye uwanja, ndiyo. Kwenye gari lililofungwa mchana wa Dar, sivyo. Epoksi nyingi zinazokomaa bila joto huanza kulegea kati ya nyuzi 50 na 70, na juu ya dashibodi zinafika huko bila shida. Haitayeyuka, ila pembe nyembamba ya taji inaweza kuinama na kupoa ikiwa imeinama. Ikitokea, ipashe kwa kikausha nywele, inyooshe taratibu, ishike mpaka ipoe.

Makopo yaliyobaki niyahifadhi vipi?

Vifuniko vikavu, vimefutwa mdomo, kila kopo ndani ya mfuko wake, mahali pasipo joto. Hadena ikiota gamba jeusi juu, liondoe. Chini yake kwa kawaida ni nzima. Resini ikiwa ngumu yenye chembe kama sukari, imeganda tu: weka kopo lililofungwa kwenye maji ya moto, si ya kuchemka, nusu saa, kanda, itarudi. Kabla ya kazi kubwa jaribu kidonge kimoja usiku, kikague asubuhi.

Kifaa kimevunjika dakika 40 kabla ya pazia. Nifanye nini?

Toa ile fimbo ya fundi bomba. Kata kipande cha ukubwa wa punje ya korosho, vaa glavu, kanda mpaka rangi iwe moja na uhisi joto kidogo mkononi. Jazia ufa kutokea nyuma, upande usioonekana, ukivusha puti sentimita 2 kila upande wa mpasuko. Kama kuna njiti ya mshikaki au kipande cha waya, kizamishe humo kama nondo kwenye zege. Shika bila kutikisa dakika 10. Ikiwa ngumu, paka rangi ya akriliki iliyo karibu na rangi ya pale, hata kama ni rangi ya kucha ya mtu, na mwambie mwigizaji akamate upande mwingine.

Siwa ile iliingia jukwaani na mdomo ulioungwa hivyo mara 3. Bado ninayo, na puti ya kijivu ya fundi bomba inaonekana kwa ndani ukiiinamisha kwenye mwanga.